Wasomaji Wanauliza: Waliokufa Vitani Wanahesabiwaje?

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa jambo moja, idadi ya watu waliokufa katika vita vya Kongo na namna idadi hizo zinavyopatikana. Tumechagua tisa na kuzijibu kwa urefu kadiri kila moja inavyostahili.

Salaam wahariri. Nimeona mchoro wa vifo vya vita nchini Kongo mwaka kwa mwaka. Miaka mingi mstari unazunguka kwenye maelfu tu. Hapa kwetu kila mtu anasema waliokufa ni milioni sita. Nani anatudanganya?
*Msomaji, Bukavu*

Hakuna anayewadanganya, ndugu yetu. Wamehesabu vitu viwili tofauti, kisha vyote vikaitwa "vifo vya vita".

Mstari wa michoro ya namna hiyo mara nyingi hutokana na takwimu za Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ambazo kwa matukio mojamoja zinaanzia 1989. Kanuni yao inabana. Tukio linaingia ikiwa kundi lililojipanga limetumia silaha dhidi ya kundi jingine au dhidi ya raia, angalau mtu mmoja amekufa moja kwa moja kwa tukio hilo, na mahali na wakati vinajulikana. Mgogoro hauhesabiwi kuwa hai mwaka huo mpaka ufikishe vifo 25 ndani ya mwaka wa kalenda, na ukifika 1,000 ndipo huitwa vita.

Vifo hivyo hugawanywa mafungu matatu: mapigano ambayo dola imo, mapigano baina ya makundi yasiyo ya dola, na mauaji ya raia wasio na silaha. Tazama tena maandishi madogo chini ya mchoro wako. Ikiwa umechukua fungu la kwanza peke yake, na michoro mingi hufanya hivyo, basi watu waliovamiwa mashambani Beni au wakiwa wamelala Ituri hawamo kabisa. Kwa nchi kama Kongo hilo ni pengo kubwa mno.

Mamilioni yanatoka kwingine. Kati ya 2000 na 2007 shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee) liliendesha tafiti tano za kaya. Wadodosaji walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa, kwa sababu yoyote ile. Utafiti wa 2004 ulifikia kaya zipatazo 19,500, na ule wa mwisho kaya 14,000. Walikadiria kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa kama nchi ingekuwa na amani. Hao ndio wanaoitwa vifo vya ziada.

Sasa shika hili. Katika utafiti wa 2004, vifo vilivyosababishwa na ukatili havikufika asilimia 2 ya vifo vyote. Katika ule wa 2007 vilikuwa asilimia 0.4. Waliobaki waliuawa na malaria, kuhara, nimonia, surua, utapiamlo na matatizo ya uzazi. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu, lakini asilimia 47 ya wafu. Mchoro wako hauwezi kumwona hata mmoja wa watoto hao, kwa sababu haukuundwa kumwona.

Ama hiyo milioni sita, ni ile 5.4 iliyosogezwa mbele mdomoni. Shirika lile halikurudia utafiti wake wa kitaifa baada ya 2007.

Kama ni utafiti wa kitaalamu, kwa nini wataalamu wengine wanaikataa hiyo milioni 5.4?
*Mwanafunzi wa takwimu, Dodoma*

Kwa sababu ya namba moja ndogo: kiwango cha vifo ambacho kingekuwepo bila vita. Vifo vya ziada ni tofauti kati ya kiwango ulichopima na kiwango hicho cha kulinganishia. Ukikosea cha pili, hata dodoso safi namna gani haliwezi kukuokoa.

Chukua jimbo la kubuni lenye watu milioni 10. Umepima vifo 2.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Ukisema hali ya kawaida ni 1.5, ziada ni 0.7, yaani watu 7,000 kwa mwezi, 84,000 kwa mwaka. Ukisema hali ya kawaida ni 2.0, ziada ni 0.2, yaani 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Dodoso ni lile lile na wafu ni wale wale, lakini jibu limeanguka hadi chini ya theluthi moja.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. IRC ilichukua takriban 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti wa mradi wa Human Security Report huko Vancouver, Kanada, wakajibu kwamba Kongo ilikuwa chini ya wastani huo tangu kabla ya vita: hospitali zilishakufa, barabara zilishamezwa na msitu, mishahara ya wauguzi ilishasahaulika. Walipoweka 2.0, makadirio ya kuanzia Mei 2001 hadi Aprili 2007 yalishuka kutoka milioni 2.8 hadi chini ya laki tisa. Walilalamika pia kwamba tafiti mbili za mwanzo zilichagua maeneo machache ya mashariki ambayo hayawezi kusimama badala ya majimbo mazima.

Wanademografia wawili wa Ubelgiji, Lambert na Lohlé-Tart, walipita njia nyingine. Walianza na sensa ya 1984, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, wakaipeleka mbele na kuilinganisha na daftari la wapigakura la 2005 na 2006. Wakapata takriban laki mbili kwa kipindi cha 1998 hadi 2004.

Sisi tunaonaje? Hesabu inayoning'inia kwenye sensa ya miaka ishirini nyuma ina miguu dhaifu kama ile inayoning'inia kwenye wastani wa bara zima. IRC wenyewe walitoa ukomo wa chini wa milioni 3.0 na wa juu wa milioni 7.6, na ni aibu kwetu waandishi kwamba tumekuwa tukinukuu namba ya katikati tu. Lakini usiruke kutoka "hawajui ni wangapi" hadi "hawakufa". Kiwango chenyewe cha 2.2 kwa watu 1,000 kwa mwezi, ambacho IRC walikipima Kongo uwanjani, hakikuwa ndicho kilichobishaniwa zaidi.

Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili tuliosomea afya ya jamii. Tunataka kujua ni watu wangapi wamekufa vijijini kwetu. Fedha ni chache. Tuanzie wapi?
*Kikundi cha vijana, Fizi*

Anzieni na tarehe. Kipindi cha siku 90 hivi kinatosha. Kikizidi mwaka, kumbukumbu huchanganyika, na msiba wa zamani huvutwa ndani ya kipindi kwa sababu uchungu wake bado ni mbichi. Mwanzo wa kipindi uwe siku ambayo kila mtu anaikumbuka: Krismasi, Pasaka, Idi, siku shule zilipofunguliwa. Msiweke mpaka kwenye siku ya shambulio lenyewe, maana hamtajua kama waliokufa siku hiyo wameingia au wamebaki nje. Chagueni sikukuu iliyotangulia.

Pili, vijiji. Andikeni orodha ya vijiji vyote na watu wake, kisha jumlisheni kwenda chini, watu wa kila kijiji wakiongezwa juu ya jumla ya vilivyotangulia. Tuseme jumla ni watu 42,000 na mnataka makundi 30. Gawanyeni: 1,400. Pigeni kura kupata namba moja kati ya 1 na 1,400, tuseme 612. Kijiji ambacho ndani ya jumla yake mna mtu wa 612 ndicho cha kwanza. Ongezeni 1,400 kupata 2,012, kisha 3,412, hadi makundi 30 yatimie. Kijiji kikubwa kinaweza kuangukiwa mara mbili. Hapo mtachukua makundi mawili ndani yake, msikiruke.

Tatu, nyumba. Kaya 20 kwa kila kundi zitawapa kaya 600. Ketini na mzee wa kijiji, andikeni kaya zote, pigeni kura. Msianzie barabarani na kufuata nyumba zilizo karibu kwa sababu jua ni kali. Mojawapo ya hoja zilizotolewa dhidi ya utafiti mmoja wa Irak wa 2006 ilikuwa hiyo hiyo, kwamba namna ya kuchagua nyumba iliwaleta karibu mno na mitaa mikubwa, ambako mabomu hulipuka. Ulikadiria watu wapatao 601,000 waliouawa kwa ukatili hadi katikati ya 2006, kwa makundi 47. Utafiti mwingine wenye kaya zaidi ya 9,000 ulipata 151,000 kwa kipindi karibu hicho hicho. Hoja hiyo haielezi tofauti yote, lakini inatosha kuwafanya mtembee hadi mwisho wa kijiji. Nyumba iliyofungwa irudiwe jioni. Isibadilishwe na ya jirani.

Nne, maswali. Kaya ni watu wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja. Kila mtu awe na mstari wake: jinsia, umri, alikuwepo siku ile ya mwanzo, aliingia baadaye, aliondoka, alizaliwa, alifariki. Maliza walio hai kwanza ndipo uulize wafu, halafu ongeza swali hili neno kwa neno: "Kuna mtoto aliyezaliwa tangu Krismasi akafariki, hata kama aliishi saa chache?" Bila swali hilo vichanga hupotea, kwa sababu familia nyingi hazihesabu kichanga kilichozikwa kabla ya kupewa jina. Sababu ya kifo iandikwe kwa mafungu mapana tu: silaha, ajali, ugonjwa, uzazi, nyingine, haijulikani. Ninyi si madaktari wa maiti.

Tano, hesabu. Tuseme siku ya mwanzo kaya 600 zilikuwa na watu 3,100. Walioingia 140, walioondoka 220, waliozaliwa 38, waliokufa 34. Mwishoni wamebaki 3,024. Wastani wa mwanzo na mwisho ni 3,062. Zidisha kwa siku 90 upate 275,580. Gawanya 34 kwa namba hiyo, zidisha kwa 10,000, upate 1.23. Hicho ndicho kiwango: vifo 1.23 kwa watu 10,000 kwa siku. Mashirika ya dharura huhesabu 1 kuwa mstari wa hatari, na 2 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Msiitangaze 1.23 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Kwa bahati tu ya kura, vifo 34 vingeweza kuwa 23 au 45, kwa hiyo kiwango kiko kati ya 0.8 na 1.6. Na hapo bado hatujagusa tatizo la vifo vya silaha, ambavyo huja kwa mafungu. Ikiwa 15 kati ya 34 wametoka kijiji kimoja kilichoshambuliwa, msiwasambaze juu ya wilaya nzima. Tangazeni kiwango pamoja na kijiji hicho, kisha bila hicho, na mseme wazi.

Kuna jambo linaloumiza zaidi: kaya iliyokufa yote haina wa kufungua mlango. Ulizeni majirani wawili, kila mmoja peke yake, na mtunze hesabu hiyo kwenye daftari la pembeni. Isiingie kwenye kanuni ya hapo juu, kwa kuwa haina watu walio hai wa kugawanyia. Vijiji ambavyo hamkuweza kufika kwa ajili ya usalama vitajwe kwa majina kwenye ripoti.

Msiandike majina kwenye dodoso. Tumieni namba, na daftari linalounganisha namba na nyumba likae kwa mtu mmoja, mbali na madodoso. Msiulize nani aliua. Karatasi yenye jibu hilo ikikamatwa kwenye kizuizi, atakayelipa ni yule mama aliyewakaribisha uani.

Kiwango cha Kongo kilikuwa 2.2, ninyi mnasema hatari huanzia 1. Basi Kongo ilizidi mara mbili?
*Muuguzi, Kigoma*

Hapana, dada yetu, vipimo ni tofauti: 2.2 ni kwa watu 1,000 kwa mwezi, na 1 ni kwa watu 10,000 kwa siku. Ukigeuza, 2.2 inakuwa takriban 0.7. Kwa taifa zima Kongo haikufika hata mstari wa dharura, na bado makadirio yakafika mamilioni, kwa kuwa kiwango cha juu kidogo kilidumu karibu miaka tisa juu ya makumi ya mamilioni ya watu. Soma kipimo kabla ya kusoma namba.

Takwimu zinaonyesha vifo vimeongezeka maradufu ndani ya miaka michache. Niandike kwamba vita vimezidi maradufu?
*Mwandishi wa habari, Mombasa*

Usiandike bado. Kwanza uliza kama ni vifo vilivyoongezeka au ni macho. Redio Okapi ilianza kurusha matangazo 2002, na kabla ya hapo vijiji vingi vya ndani havikuwa na njia ya kusikika. Simu za mkononi zikafuata. Mwaka 2017 ukaanzishwa mradi uliofuatilia mauaji ya Kivu tukio kwa tukio. Kila chanzo kipya kinapoingia, mstari hupanda hata kama panga halijaongezeka kasi. Kipimo kizuri ni hiki: tenga matukio makubwa, yale ya watu 25 na zaidi, ambayo hata zamani yalikuwa vigumu kufichika. Ikiwa hayo hayakupanda na yaliyopanda ni ya mtu mmoja au wawili, shuku chanzo.

Pili, gawanya kwa idadi ya watu. Vifo 3,000 katika watu milioni 45 ni 6.7 kwa kila laki moja, na katika watu milioni 100 ni 3. Kumbuka tu kwamba nchi isiyo na sensa tangu 1984, hata hiyo idadi ya watu ni makadirio.

Tatu, nchi gani? Takwimu nyingine hufuata mahali mtu alipofia, nyingine hufuata mgogoro. Mauaji ya Krismasi 2008 yaliyofanywa na waasi wa LRA huko Haut-Uele yalitokea ardhi ya Kongo, ilhali mgogoro wa LRA ni kati yao na serikali ya Uganda. Mchoro mmoja utawaweka wafu hao Kongo, na mwingine unaweza kuwahusisha na Uganda. Ukichanganya takwimu za aina mbili ndani ya mstari mmoja, utahamisha makaburi kuvuka mpaka.

Na andika tarehe uliyopakua. Takwimu hizi hurekebishwa nyuma, wakati mwingine miaka mingi baadaye.

Nafuatilia mashambulio ya wilaya yetu. Redio inasema wameuawa 12, kanisa linasema 19, WhatsApp inasema "wengi". Niandike ngapi?
*Msomaji, Beni*

Andika zote, kila moja na chanzo chake. Fungua safu tatu: cha chini, kinachoaminika zaidi, cha juu. Uppsala wenyewe hufanya hivyo. Kinachoaminika zaidi si wastani. Ni kile cha chanzo kilichofika mahali, chenye majina, kilichotolewa baada ya maiti kukusanywa. Namba ya asubuhi ya kwanza karibu kila mara hubadilika.

Neno "wengi" lina kanuni zake. Mradi wa ACLED, unaofuatilia Afrika tangu matukio ya 1997, huandika 10 pale habari isiyo na namba inapotoka eneo la vita vikali, na 3 kwingineko. Habari ikisema "mamia" huandikwa 100. Ni kanuni ya busara, lakini ukiona kwenye jedwali 10 nyingi mno zinazofanana, ujue baadhi yake si hesabu ya mtu yeyote. Wewe wa karibu unaweza kufanya vizuri zaidi: acha wazi, weka alama, rudi baada ya wiki.

Kosa kubwa ni kuhesabu mara mbili. Watu waliuawa shambani Jumanne, maiti zikapatikana Ijumaa, redio mbili zikataja siku mbili tofauti na majina mawili ya sehemu ile ile, moja la kijiji na moja la kilima. Tayari una matukio mawili na wafu maradufu. Kwa hiyo tunza tarehe ya kuuawa na tarehe ya kupatikana kila moja mahali pake. Aliyejeruhiwa akafia hospitali siku ya kumi arudishwe kwenye tukio lake, asianzishiwe jipya.

Kwa majina, huko kwenu kuna mtego wa pekee. Wanande huita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, Masika ni binti wa kwanza. Kijiji kimoja kinaweza kuzika akina Kambale wanne kwa siku moja na wote wakawa watu tofauti. Kompyuta ya mtu aliyeketi Ulaya itawaona kuwa ni mmoja aliyerudiwa na kuwafuta watatu. Andika jina la nyongeza, la ubatizo, jina la baba au mama, umri, na kitongoji alikotoka, siyo tu alikofia. Kwa Waislamu, amua mapema kama Mohamed, Muhammad na Mohammed ni jina moja kwenye daftari lako, na uandike uamuzi huo ukurasa wa kwanza.

Nasikia kuna njia ya kukadiria hata wale ambao hakuna orodha iliyowataja. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Kwa kutazama orodha zinapopandana. Tuseme orodha ya hospitali ina majina 300, ya misikiti na makanisa ina 200, na majina 60 yamo kwenye zote mbili. Orodha ya pili imekuta 60 kati ya 300 za kwanza, yaani moja ya tano. Ikiwa uwezo wake wa kuona ni ule ule kwa wafu wote, basi majina yake 200 nayo ni moja ya tano ya wote: jumla 1,000. Ukiunganisha orodha bila marudio unapata 440. Kuna 560 ambao hakuna aliyewaandika.

Neno la hatari hapo ni "ikiwa". Mara nyingi anayefikishwa hospitali ni wa mjini, na wa mjini huyo huyo ndiye atakayetajwa msikitini, hivyo orodha hupandana kuliko haki na jumla hushuka chini ya ukweli. Ndiyo maana wataalamu hutaka orodha tatu au zaidi, ili waweze kupima uhusiano wa orodha zenyewe. Peru, tume ya ukweli ilikuwa na wafu 23,969 waliotambuliwa, na mwaka 2003 ikakadiria 69,280. Syria, Umoja wa Mataifa ulikuwa na raia 143,350 wenye kumbukumbu kamili, na mwaka 2022 ukakadiria raia 306,887 kwa miaka kumi ya kwanza ya vita. Khartoum, watafiti walitumia orodha zilizotokana na dodoso la mtandaoni, mitandao ya watu binafsi na tanzia zilizobandikwa mitandaoni, wakakadiria vifo zaidi ya 61,000 vya kila sababu jimboni humo kati ya Aprili 2023 na Juni 2024, zaidi ya 26,000 vikiwa vya kuuawa.

Ukitaka kujaribu, tumia muda wako mwingi kwenye kulinganisha majina. Majina 20 ya watu wale wale yasipotambuliwa kwenye mfano wetu, 60 inakuwa 40, na jumla inaruka kutoka 1,000 hadi 1,500.

Vita vya zamani je? Babu zetu wa wakati wa Mau Mau hakuna aliyewaandika.
*Mzee msomaji, Nyeri*

Shikamoo mzee. Serikali ya kikoloni iliandika wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa. Baadaye mtafiti mmoja alilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962, akaona Wakikuyu waliongezeka polepole kuliko majirani zao, na akasema pengo linaweza kufika hadi 300,000. Lakini mtu anayekosekana kwenye sensa anaweza kuwa amekufa, amehama, au hakuzaliwa kabisa kwa sababu baba alikuwa kizuizini. John Blacker, mwanademografia aliyezijua vizuri sensa za Kenya, alirudi kwenye majibu ya akina mama kuhusu watoto waliowazaa na walio hai, na mwaka 2007 akakadiria vifo vya ziada 50,000. Kati yao 26,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi, wanaume wazima 17,000 na wanawake wazima 7,000. Zaidi ya nusu ni watoto, mzee, waliofia zaidi kwenye vijiji vya kufungiwa kuliko msituni.

Maji Maji nayo ni hivyo. Wajerumani walitaja 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo kubwa ni njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala.

Mtoto wa mdogo wangu alikufa kwa surua tukiwa njiani tunakimbia. Hakupigwa risasi. Je, yumo kwenye hesabu yoyote?
*Mama msomaji, Uvira*

Pole sana mama. Kwenye hesabu za matukio, za Uppsala au ACLED, hayumo, kwa sababu hizo huandika waliokufa kwa silaha. Kwenye utafiti wa kaya angeingia kama nyumba ya mdogo wako ingepigiwa kura na tarehe ya kifo ikaangukia ndani ya kipindi. Hata hapo angekuwa alama moja kwenye mstari, bila jina.

Kama kwenu kuna watu wanaotunza orodha, iwe parokia, msikiti au kamati ya wakimbizi, waombe wafungue safu ya pili ya waliokufa wakikimbia. Wampe mstari wake: jina, jina la mama, umri kwa miezi, kijiji mlichotoka na tarehe mliyoondoka, mahali alipofia na tarehe, ugonjwa na dalili zake, kama alikuwa amechanjwa surua, zahanati ya mwisho mliyopita na kama ilikuwa wazi. Hayo mawili ya mwisho hayaandikwi na watu wengi, nayo ndiyo yanayoonyesha vita vilimfikia kwa njia gani. Kama hamkumbuki tarehe, andikeni siku ya soko au sikukuu iliyokuwa karibu, na kama alizikwa njiani, andikeni mto au njia panda iliyo jirani na kaburi.